Kengele ya simu na mikono miwili ya kushoto

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili. Najua safu yako hupokea zaidi mambo ya ndoa na ya wakwe, lakini jambo langu sina wa kumwambia bila kuonekana nimepungukiwa imani, au nimepungukiwa akili.

Miezi mitatu iliyopita kanisani kwetu kulikuwa na semina ya kuishi mbele za Mungu siku nzima. Mwalimu alitusimulia habari za mmisionari mmoja, Frank Laubach, aliyeazimia kumkumbuka Mungu kila dakika. Kisha akasoma lile neno la Paulo, "ombeni bila kukoma", akafunga Biblia na kutuuliza: "Jana, tangu ulipoingia kazini mpaka ulipotoka, Mungu ulimkumbuka mara ngapi?" Watu wote kimya. Mimi jibu nilikuwa nalo: hata mara moja. Asubuhi naomba, usiku naomba na familia, lakini nikishakaa kwenye cherehani tunabaki mimi na kitambaa.

Kesho yake nikaweka kengele kwenye simu, ilie kila baada ya dakika 20. Ikilia naacha kila kitu, nafumba macho, naomba. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu ajabu. Ya pili wenzangu karakanani wakaanza utani; kengele ikilia wanaitikia "Amina" kabla sijafungua kinywa. Ya tatu nikaona kengele peke yake haitoshi, nikaanza kulazimisha kichwa kisitoke kwa Mungu hata kati ya kengele na kengele.

Siku moja nilikuwa nakata gauni la mteja huku narudia Zaburi moyoni. Nikamaliza, nikaipanga mikono mezani. Yote miwili ilikuwa ya kushoto. Kitambaa kilikuwa cha mteja mwenyewe, kilikuwa na uso na ndani, huwezi kukigeuza, na kilichobaki hakitoshi hata kola. Nimekilipa, na mteja hajarudi.

Hilo si baya zaidi. Nina mwanafunzi wa kazi, kijana wa miaka 17. Aliiona mikono ile akaachia kicheko kidogo. Nilimgeukia nikamwambia maneno mazito juu yake na juu ya nyumba aliyotoka, watu wote wakisikia. Hazikuwa zimepita dakika tano tangu niseme, "Bwana, uko hapa nami."

Tangu siku hiyo kengele ikilia najiona mnafiki. Kuizima nashindwa, naona ni sawa na kumfukuza Mungu mlangoni. Nikiiacha, tumbo linanikaza kabla haijalia, maana najua inakuja.

Naomba unisaidie. Jambo hili linawezekana kwa mtu ambaye kazi yake inataka macho na akili, au ni la watawa na wachungaji? Saa nne zikipita sijamkumbuka Mungu, nimetenda dhambi? Mzee mmoja wa kanisa ameniambia haya yote ni dalili ya wito, niache cherehani niingie kwenye huduma. Mke wangu amesema nikitaka kuiacha, yeye awe wa kwanza kujua. Na siku hizi, nikishindwa kuomba, nafungulia mahubiri kwenye redio kutwa nzima. Hayo yanahesabika?

Fundi wa mikono ya kushoto

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, kwa sababu mikono ile imenikumbusha mtu ambaye nitakutajia. Mara ya pili nilifika pale unaposema tumbo linakukaza, kicheko kikaniisha.

Kabla ya lolote, zima hiyo kengele. Usisubiri umalize kusoma. Umeniambia mwenyewe kwamba ikikaribia kulia unaingiwa na hofu, na kitu kinachokufanya umwogope Mungu kila dakika 20 kama mtu anayengoja mkaguzi hakikuleti karibu naye. Nawe hutakuwa umemfukuza. Alikuwa karakanani kabla simu hazijabuniwa.

Huyo Laubach nami namheshimu. Mwaka 1930 alikuwa Mindanao, kusini mwa Ufilipino, mbali na mke wake na mtoto, kati ya watu wa Maranao waliokuwa na sababu zao za kutomwamini mgeni. Jioni alikuwa akipanda kilima nyuma ya nyumba yake kuzungumza na Mungu, na jaribio lake la dakika lilizaliwa katika upweke ule. Lakini naona mwalimu wenu aliruka kitu. Laubach alipowafundisha wengine baadaye, jambo hili aliliita mchezo. Mchezo, mwanangu. Tena alichotaka ni sekunde moja ndani ya kila dakika. Anayecheza akikosa bao hakai katikati ya uwanja akilia, anaufuata mpira. Wewe umeuchukua mchezo wa mtu ukaufanya sheria, kisha ukaiajiri simu iwe askari.

Sasa tuje kwa Paulo, maana yeye ndiye aliyekubana kweli. Watu hulisoma lile neno lake kana kwamba limeandikwa na mtu aliyeketi kwenye mkeka kutwa nzima na mikono imepumzika. Waraka ni uleule wa kwanza kwa Wathesalonike. Sura ya pili anawakumbusha kwamba alipokuwa kwao alifanya kazi usiku na mchana asije akamlemea mtu. Sura ya nne anawaambia watende kazi kwa mikono yao wenyewe. Ndipo sura ya tano anasema waombe bila kukoma. Matendo ya Mitume sura ya 18 inataja ufundi wake: alikuwa mshona mahema. Ni mtu wa sindano kama wewe. Sidhani wateja wake walikuwa wakipokea mahema yaliyokatwa ovyo na kuambiwa fundi alikuwa katika maombi.

Kwa hiyo aliyesema tuombe bila kukoma alikuwa na kazi inayotaka macho, na hakuona mgongano. Mgongano tumeuleta sisi, tulipoamua kwamba kuomba ni kuwa na maneno ya dini yanayopita kichwani. Ukishaamua hivyo, kila kipimo unachokisoma kwenye futi kinakuwa adui wa Mungu, kwa sababu kichwa hakibebi Zaburi na sentimita kwa wakati mmoja. Chako kilijaribu, ukaona kilichotoka.

Tatizo lako si geni. Katika Misri ya karne za kwanza za utawa walikuwako watu walioliendea neno hilo la Paulo kwa pupa kuliko wewe. Siku moja baadhi yao walimtembelea mzee aliyeitwa Abba Lucius, karibu na Aleksandria. Akawauliza kazi yao ya mikono ni ipi. Wakajibu kwamba wao hawagusi kazi ya mikono, wao wanaomba bila kukoma, kama mtume alivyosema. Mzee akauliza kama huwa wanakula. Wanakula. Na kulala je? Wanalala. Basi mnapokula na mnapolala, akawauliza, nani huwaombea? Hawakuwa na la kujibu. Ndipo akawaeleza ya kwake. Hukaa chini na majani yake ya mitende aliyoyalowanisha, anasuka kamba, na huku anasema maneno ya Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu." Kazi ya siku humpa kama sarafu 16. Mbili anaziacha nje ya mlango, zilizobaki anajinunulia chakula. Atakayeziokota zile mbili atamwombea Lucius, na kwa njia hiyo, wakati Lucius anakula na wakati amelala, sala yake inaendelea.

Nakuomba ukae kidogo na hizo sarafu mbili. Kisa hiki watu hukisimulia kwa ajili ya kamba, ili waonyeshe kwamba mtu anaweza kusuka na kuomba pamoja. Mimi kinachonishika ni mlangoni. Mzee yule, pamoja na utakatifu wake wote, hakudai kwamba kichwa chake kinaweza kuubeba mzigo huo saa 24. Alijua zipo saa ambazo yeye hayupo, akamwachia mtu mwingine azishike, tena maskini asiyemjua jina. Sala isiyokoma aliihesabu kuwa kazi ya watu wengi. Wewe umetaka kuifanya peke yako, ndani ya fuvu moja, katikati ya oda za watu. Wakati unakata kitambaa na huna nafasi hata ya kumeza mate, huenda mke wako yuko mahali anaomba. Wakati yeye amezongwa na watoto, wewe unapiga pasi na akili yako iko huru. Mmewahi kugawana hivyo? Mwambie leo usiku. Najua atapokea vizuri kuliko habari za kuacha kazi.

Umeuliza kama haya ni ya watawa. Acha nikupe mtawa mmoja, uone kama maisha yake yalikuwa mepesi kuliko yako. Anaitwa Ndugu Lawrence, jina la kuzaliwa Nicolas Herman, mzaliwa wa Lorraine, mashariki mwa Ufaransa ya leo. Alikuwa askari, akajeruhiwa mguu, akabaki akichechemea maisha yake yote. Mwaka 1640 alipokewa na Wakarmeli, shirika la watawa, huko Paris. Hakuwa msomi wala padri, wakampeleka jikoni. Kazi hiyo kwa asili aliichukia, na alikaa nayo miaka kama 15. Baadaye wakampa kushona na kutengeneza ndala za watawa wenzake, kwa hiyo naye alimalizia kwenye sindano. Kila mahubiri ya kumkumbuka Mungu kazini humtaja yeye: alivyokuwa na amani katikati ya kelele za masufuria sawa na akiwa amepiga magoti kanisani. Ni kweli, alisema hivyo. Kisichosemwa sana ni kile alichokiri katika barua zake, kwamba miaka kumi ya mwanzo aliteseka mno. Miaka kumi! Akianguka, akisimama, akidhani Mungu mwenyewe amemkataa. Wewe una wiki ngapi?

Na tazama alivyofanya alipokosea, kwa maana hapa ndipo ulipojikwaa. Alikuwa akimwambia Mungu, kwa maneno ya karibu na haya, kwamba ukiniachia mwenyewe hivi ndivyo nitakavyofanya siku zote, ni wewe wa kunizuia nisianguke. Baada ya hapo hakulirudia kosa kichwani, akashika sufuria lililofuata. Wewe ulipokosea mkono mmoja wa gauni uliongeza la pili, la mdomo, na tangu siku ile umekuwa ukijichapa. Muda ambao ungeutumia kumrudia Mungu unautumia kujitazama ulivyo mbaya. Huko nako ni kumsahau, mwanangu, ingawa kuna sura ya unyenyekevu.

Waliotutangulia waliujua ugonjwa huu. Neno lao la Kilatini kwa dhamiri inayojisumbua kupita kiasi maana yake ya asili ni kijiwe kikali, kama kile kinachoingia ndani ya kiatu: kidogo, hakionekani, na hupati hatua moja ya raha. Ignatius wa Loyola, yule mwanzilishi wa Wajesuiti, alipatwa nacho mwaka 1522 huko Manresa, Hispania, akiungama na kuungama tena dhambi zilezile, mpaka akajaribiwa kujiua. Kwa hiyo sikudharau. Ikiwa umezima simu, umefanya nitakayokueleza, na bado baada ya wiki kadhaa tumbo linakaza na kila kitu unakiona dhambi, tafuta mchungaji mwenye subira au mshauri aliyesomea, ukae naye ana kwa ana. Kijiwe kingine hakitoki kwa barua.

Saa nne bila kumkumbuka Mungu si dhambi. Usiku unalala zaidi ya saa nne na hujaniuliza.

Nilikuahidi mtu. Mama yangu mzazi alikuwa fundi, na mimi nilikulia chini ya meza yake ya cherehani, nikicheza na vipande vya vitambaa vilivyoanguka. Nikikuambia kwamba kule chini nilikuwa nikimuwaza mama nitakuwa naongopa. Nilikuwa na watoto wangu wa vitambaa, nina harusi zao za kuendesha, sina nafasi ya mama. Lakini cherehani ikinyamaza ghafla, nilikuwa nainua kichwa kabla sijajua kwa nini. Kama ameinuka tu kuchukua chaki, narudi kwenye harusi yangu. Miaka mingi nimejaribu kueleza maana ya kuwa mbele za Mungu huku una kazi, na sijapata maelezo yanayozidi yale ya chini ya meza. Mtoto yule hakuwa amemsahau mama yake, ingawa ungemuuliza ulimuwaza mara ngapi angesema kama ulivyosema wewe semina: hata mara moja.

Tuingie karakanani sasa. Kazi yako ina viungo, nawe unavijua kuliko mimi. Kuna kutunga uzi. Kuna kubadilisha bobini. Kuna kungoja pasi ipate moto, kupiga bandi, kutia vifungo, kufumua mshono uliokwenda kombo. Katika hizo mikono inajua njia na akili inatembea yenyewe, na tuseme kweli, mara nyingi inatembea kwenda kwenye madeni au kwa mtu aliyekuudhi jana. Hapo ndipo pa sala. Chagua sentensi moja, moja tu, fupi kiasi cha pumzi. John Cassian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tano baada ya kukaa na watawa wa Misri, anasema wao walimpa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Walimwambia unafaa kila hali, ukiwa na hofu, ukiwa na kiburi, ukiwa umechoka, hata ukiwa na usingizi. Ukiupenda, chukua. Ukiwa na wako, tumia wako. Uzi unapoingia kwenye tundu la sindano, sema. Bobini mpya, sema. Usihesabu. Nakuonya hasa juu ya kuhesabu, maana nakuona kwa mbali ukitafuta daftari.

Kukata ni habari nyingine. Pale mezani, kitambaa kimetandazwa, futi shingoni, sala yako iwe kabla ya mkasi, na iwe fupi. Halafu acha maneno. Tazama chaki. Macho yako yote, akili yako yote, viwe kwenye ule mstari mpaka mkasi ufike mwisho. Yule mwanamke aliyekuletea kitambaa chake amekuamini, na kumkatia vizuri ndiyo haki yake kwako. Kama unataka kujua Mungu yuko wapi wakati huo, yuko upande wa mwanamke yule, anataka gauni liwe na mkono wa kulia. Kurudia Zaburi huku unaharibu mali ya mtu ni kumpa Mungu kitu ambacho si chako.

Nehemia alilijua hili. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, kazi ya kusimama macho wazi mbele ya mtu anayeweza kukuua. Mfalme akamuuliza anataka nini, na kati ya swali na jibu yeye akamwomba Mungu wa mbinguni. Hakufumba macho, hakusema subiri kidogo. Mfalme hata hakujua kuna mtu wa tatu aliyezungumzishwa. Ila rudi nyuma sura moja. Sala ile ya nukta moja ilikuja baada ya miezi kama minne, tangu Kisleu mpaka Nisani, tangu siku aliyopata habari za Yerusalemu akakaa chini, akalia, akafunga na kuomba. Sala fupi hukopa nguvu kwenye ile ndefu. Kwa hiyo ile ya asubuhi na ile ya usiku na familia usiziguse. Usiseme kwa kuwa naomba kazini basi alfajiri nitalala. Nimeona watu wakifanya biashara hiyo, na baada ya mwezi mmoja wanakuwa hawana ya asubuhi wala ya kazini.

Redio nitakujibu upesi. Kusikiliza mahubiri ni kusikiliza mahubiri. Ni kuzuri, lakini mtu mwingine ndiye anayesema, na wewe umefungulia ili ukimya usikuulize maswali. Izime saa ya kwanza ya kazi. Baada ya hapo wenzako wakitaka muziki, wape muziki wao, nao wana haki ya karakana.

Kuhusu yule mzee wa kanisa, sitaki kumkosea heshima. Lakini mtu hapimi wito siku aliyoharibu kazi na kugombana na mwanafunzi wake. Siku kama hiyo kila mlango wa kutokea huonekana kama mlango wa mbinguni. Kaa kwenye cherehani mwaka mmoja, kwa amani. Kama wito upo utakungoja, na mke wako atakuwa ameusikia pia.

Limebaki la kijana, na nimeliacha huku chini makusudi, kwa sababu wewe uliliandika kama ushahidi wa unafiki wako, yaani kama jambo linalokuhusu wewe. Linamhusu yeye. Ana miaka 17, yuko chini ya mikono yako, na umemtukania nyumbani kwao mbele ya watu. Barua yako ndefu haina mahali unaposema umemwomba radhi. Bwana alisema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, nenda ukapatane naye kwanza. Basi ile sentensi yako ya pumzi moja usiianze mpaka hili limalizike. Mwambie mbele ya walewale waliosikia, kwa sababu maneno yale hayakusemwa faraghani. Usimhubirie. Usimweleze habari za semina. Sema: nilikukosea, na wazazi wako niliwakosea, nisamehe. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Halafu mfundishe kukata mikono. Mama yangu hakuwahi kukata mkono mmoja mmoja. Alikuwa akikunja kitambaa uso kwa uso, anapiga chaki mara moja, anakata tabaka zote mbili pamoja, mikono inatoka wa kulia na wa kushoto hata kama fundi kalala. Na kama kitambaa hakitoshi kukunjwa, unakata wa kwanza, unaulaza kifudifudi juu ya kitambaa kilichobaki, uso kwa uso, ndipo unauchora wa pili. Nashangaa hilo hukulifanya. Mwonyeshe kijana, na wewe mwenyewe ujikumbushe.